Mstari wa Maji Kujaa Unachorwa Ovyo: Nianzie Wapi?

SWALI

Assalaam alaykum walimu wa safu hii,

Nasoma chuo hapa Mombasa na kazi yangu ya mwisho ni kuonyesha kujaa na kupwa kwa maji katika Mkondo wa Tudor, Machi 1 hadi 30, 2024. Nilifunga kifaa cha kupima kina kwenye gati, kikawa kinaandika kipimo kimoja kila saa. Kilinipa faili tatu: logi8.csv, logi9.csv na logi10.csv, kila moja ya siku kumi. Nikaziunganisha kwa `cat logi*.csv > machi.csv`. Ndani ziko hivi:

    01/03/2024 00:00,2.87
    01/03/2024 01:00,2.31

Natumia gnuplot, programu ya kuchora grafu kwa amri, toleo la 5.4, kwa amri hizi:

    set datafile separator ","
    set xdata time
    set timefmt "%d/%m/%Y %H:%M"
    set yrange [0:4.5]
    A = 3/2
    h(x) = 2 + A*cos(2*pi*x/12.42)
    plot "machi.csv" using 1:2 with lines lt 1, \
         h(x) with lines lt 2

Matatizo ni haya. Kuna mstari mmoja mrefu ulionyooka unaokatisha grafu nzima kutoka mwisho wa mwezi hadi mwanzo, na kati ya tarehe 20 na 21 mstari umekatika. Mahali pengine mstari unaanguka wima mpaka chini ya grafu. Betri ilikufa usiku wa tarehe 12 nikaibadilisha alfajiri ya tarehe 15, na hapo gnuplot imechora mshazari kana kwamba maji yalikuwa yakipanda taratibu siku mbili nzima. Mstari wa nadharia, yaani h(x), umetoka kama meno ya msumeno. Lile la `lt 2` lilitakiwa litoe vistari, kwa kuwa nimelichukua kwenye kazi ya zamani aliyonipa msimamizi wangu, lakini limetoka mstari mzima wa rangi. Rafiki yangu akaniambia niongeze `smooth bezier` ili kusafisha. Nilipofanya hivyo mawimbi yote yakatoweka!

Tena kuna mzee gatini aliyenisaidia kuandika kina kwenye daftari kutoka kwenye ubao wa vipimo. Nikizichora nukta zake ziko kinyume kabisa: kifaa kikisema maji yamejaa, za mzee ziko chini. Je, niziache?

Mwanafunzi, Tudor

JIBU

Waalaykum salaam mwanetu,

Nukta za mzee usiziache. Tutafika huko, na utaona kwamba huenda ndizo zilizo sahihi kuliko vyote ulivyonavyo.

Umefanya jambo jema kututumia amri zako pamoja na kipande cha faili. Bila hivyo tungekuwa tunakisia. Kwa jinsi ulivyoeleza, gnuplot haijakosea hata mahali pamoja: imeunganisha ulichoipa, kwa mpangilio ulioipa. Basi jambo la kwanza kabla ya kugusa rangi au unene ni kuondoa mstari. Badilisha `with lines` iwe `with points pt 7 ps 0.3`, uchore tena. Nukta zikikaa mahali pake, kosa liko kwenye kuunganisha. Nukta zenyewe zikiwa mahali pabaya, kosa liko kwenye faili au kwenye usomaji wa tarehe. Ukifanya hivyo kwa data yako utaona mawimbi mazuri ya mwezi mzima, na ule mstari mrefu haupo. Kwa hiyo tarehe zinasomwa sawasawa, na `%d/%m/%Y` yako ni sahihi. (Aliyeandika `%m/%d/%Y` kwa faili kama hii ataona tarehe 2 Machi imeruka hadi 3 Februari, na tarehe 12 Machi hadi 3 Desemba.)

Mstari mrefu. `cat logi*.csv` hupanga majina kwa herufi, haihesabu namba. Tarakimu 1 hutangulia 8, kwa hiyo logi10 imeingia kwanza, kisha logi8, kisha logi9. Faili yako inaanza tarehe 21, inafika 30, halafu inarudi tarehe 1. Gnuplot huunganisha nukta kwa mpangilio wa faili, haipangi kwa mhimili wa x. Ndiyo maana imevuta mstari kutoka tarehe 30 kurudi tarehe 1, na ndiyo maana hakuna mstari kati ya 20 na 21: katika faili, nukta hizo mbili ndizo ya mwisho kabisa na ya kwanza kabisa. Andika majina kwa mpangilio wenyewe:

    cat logi8.csv logi9.csv logi10.csv > machi.csv

na siku nyingine yape majina logi08, logi09, logi10. Kupanga kwa `sort` kutafaa kwa mwezi huu mmoja, lakini ukiongeza Aprili itaharibika, kwa sababu 01/04/2024 itakaa kabla ya 02/03/2024. Tarehe ikiandikwa 2024-03-01 shida hiyo haipo. Iko pia `smooth unique`, ambayo hupanga kwa x na kutoa wastani wa vipimo vyenye x moja. Hatukupendekezei kwa sasa, kwa kuwa faili mbili zikipishana kwa saa kadhaa itakuficha jambo ambalo unapaswa kulijua.

Mistari inayoanguka wima. Hukutuonyesha safumlalo hizo, lakini dalili inatosha. Vifaa vingi vikishindwa kupima huandika namba isiyowezekana, kama -999, 9999 au -32767. Umebana mhimili kwa `[0:4.5]`, kwa hiyo nukta yenyewe huioni, ila gnuplot bado inachora kipande cha mstari kinachoiendea mpaka ukingoni mwa grafu. Thibitisha kwanza. Fungua gnuplot upya na uandike hivi kabla ya `set xdata time`, kwani `stats` hukataa kufanya kazi mhimili ukiwa wa saa:

    set datafile separator ","
    stats "machi.csv" using 2

Tazama thamani ya chini kabisa. Ikiwa ni -999, igeuze kuwa NaN (yaani "si namba") wakati wa kuchora, bila kugusa faili:

    using 1:($2 < -100 ? NaN : $2)

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Iko amri `set datafile missing "-999"`, na ukiisoma jina lake utadhani ndiyo unayoitaka. Gnuplot hutofautisha kipimo kinachokosekana na kipimo batili. Kinachokosekana hurukwa, na mstari huendelea moja kwa moja hadi nukta inayofuata. Kilicho batili, yaani NaN, huukata mstari. Kwa maji ya bahari sisi tunataka ukatike. Maji hapa hutoka kujaa hadi kupwa kwa saa sita na kidogo, na kina hubadilika kwa zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana kuliko kawaida. Kuvusha mstari juu ya saa tatu zisizopimwa ni kudai jambo ambalo hukulipima.

Siku mbili za betri ni jambo lingine kabisa, maana hapo hakuna hata safumlalo ya kugeuza kuwa NaN. Tarehe 12 saa 23:00 inafuatwa papo hapo na tarehe 15. Njia nyepesi, kwa kuwa una mwanya mmoja tu: fungua faili kwa kihariri na uache mstari mmoja mtupu kati ya safumlalo hizo mbili. Mmoja tu. Mstari mmoja mtupu hukata mchoro. Miwili hugawa faili kuwa seti mbili zinazoitwa kwa `index`. Fanya hivyo ukishamaliza kupanga, kwa sababu `sort` itakusanya mistari mitupu yote juu ya faili.

Mianya ikiwa mingi, iache gnuplot iitafute yenyewe:

    p = 1e12
    plot "machi.csv" using \
      (t=timecolumn(1,"%d/%m/%Y %H:%M"), d=t-p, p=t, t): \
      (d>5400 || $2<-100 ? NaN : $2) with lines

Kila safumlalo inalinganishwa na iliyotangulia. Zikipishana kwa zaidi ya sekunde 5400, yaani saa moja na nusu, mstari unakatwa. Gharama yake ni kwamba nukta ya kwanza baada ya kila mwanya hupotea. `p` imeanzishwa kwa namba kubwa mno ili nukta ya kwanza ya faili isihesabiwe kuwa imetokea baada ya mwanya.

Meno ya msumeno. Hapa pana makosa matatu yaliyopandana, na ukirekebisha moja tu hutaona nafuu.

La kwanza ni kipimo cha x. Ukishaandika `set xdata time`, x ndani ya h(x) ni sekunde tangu mwanzo wa 1970. Wewe umegawa kwa 12.42 ukikusudia saa. Gnuplot imezichukua kuwa sekunde, kwa hiyo imeombwa kuchora mawimbi zaidi ya 208,000 ndani ya mwezi mmoja.

La pili ni dogo lakini lina madhara: `3/2` katika gnuplot ni 1. Namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, mabaki hutupwa. Andika `3.0/2`, au 1.5 moja kwa moja.

La tatu ndilo la hatari, kwa sababu ukirekebisha mawili ya kwanza utapata mchoro unaoonekana kama wimbi la kweli na usishtuke. Gnuplot huchora kitendakazi kwa nukta 100 tu usipoiambia vingine. Siku 30 ni saa 720. Ukizigawa kwa nafasi 99 kati ya nukta hizo unapata nukta moja kila saa 7.27. Wimbi lako lina saa 12.42, na ili kulitambua unahitaji nukta zilizo karibu kuliko nusu yake, yaani chini ya saa 6.21. Hujazipata. Matokeo yake mchoro utakuonyesha vilele 41 hivi badala ya 58 vilivyopo. Lipo wimbi, lina mpangilio, na ni la uongo tupu. Mwalimu asiyehesabu vilele atalipitisha, na anayehesabu atakuuliza mbona mwezi wa Mombasa una maji kujaa mara 41. Andika hivi:

    t0 = strptime("%d/%m/%Y %H:%M", "01/03/2024 00:00")
    saa(x) = (x - t0)/3600.0
    Z = 2.0
    A = 1.5
    F = 4.0
    h(x) = Z + A*cos(2*pi*(saa(x) - F)/12.42)
    set samples 2000

Z ni kina cha wastani. F ni saa ngapi baada ya t0 maji yalijaa kwa mara ya kwanza, 4.0 tumeiweka kama mfano, wewe isome kwenye data yako. Kwa nukta 2000 kila wimbi linapata nukta 34 hivi, na mkunjo utakuwa laini bila kuulainisha kwa nguvu.

Hata hapo utaona nadharia na vipimo vinakubaliana siku chache kisha vinaachana kimo. Usitafute kosa kwenye programu. Wimbi moja la saa 12.42 ni la mwezi wa angani peke yake, na lina kimo kilekile siku zote. Bamvua na maji mafu hutokana na wimbi la jua lenye saa 12 kamili linapokutana na lile la mwezi: yakienda pamoja ni bamvua, yakipingana ni maji mafu, na mzunguko huo huchukua siku 14.8 hivi. Ongeza sehemu ya pili:

    h(x) = Z + A*cos(2*pi*(saa(x) - F)/12.42) \
             + B*cos(2*pi*(saa(x) - G)/12.0)

A sasa itapungua, kwa kuwa sehemu ya kimo inabebwa na B. Unaweza kuzitafuta namba hizi tano (Z, A, F, B na G) kwa amri ya `fit`, inayolinganisha kitendakazi na vipimo, mradi uipe thamani za kuanzia zilizo karibu na ukweli. Ukiacha F na G zianze popote, inaweza kutulia mahali pasipo pake.

Kuhusu bezier, rafiki yako alikutakia mema, lakini iondoe na usiirudishe katika kazi hii. Mkunjo wa bezier haupiti kwenye nukta zako. Kila mahali pake hukokotolewa kutokana na nukta zote za faili kwa uzito tofauti. Kwa nukta karibu 700 za saa mojamoja, katikati ya mwezi uzito huo umetandaa kiasi cha saa 13 kila upande. Wimbi zima la maji ni saa 12.42, kwa hiyo kujaa na kupwa hufutana. Kilichobaki kwenye skrini yako ni wastani wa kina, ambao si swali lako.

Daftari la mzee. Tunavyoamini, mzee aliandika saa za Kiswahili: "saa nne asubuhi, mita 3.1". Wewe ukaingiza 04:00. Saa nne asubuhi ni 10:00, kwa hiyo nukta yake imesogea saa sita. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni saa 6.21, na ndiyo maana zinaonekana zimegeuzwa badala ya kuonekana zimesogea kidogo. Tazama ubishi wenyewe ulivyo: kinyume kabisa, karibu kila nukta. Mtu anayesoma ubao vibaya hukosea huku na huku, hakosei kwa mpangilio mmoja.

Kwa za mchana, saa moja hadi saa kumi na moja, ongeza saa sita. Kwa za usiku kuanzia saa moja hadi saa tano, ongeza kumi na mbili zaidi ya hizo sita: saa nne usiku ni 22:00. Saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri zirekebishe kwa mkono, kwani tarehe nayo hubadilika. Muulize mzee usiku aliouandika aliuhesabu wa siku gani. Saa kumi na mbili nayo itazame mojamoja: ya asubuhi ni 06:00, ya jioni ni 18:00. Usifanye hesabu hii kichwani. Nakili daftari kama lilivyo kwenye safuwima moja, saa ya kimataifa uiweke safuwima ya pili, na zote mbili zibaki kwenye faili.

Baada ya hapo, nukta zake zikiwa zote zimechelewa kwa saa tatu kuliko mstari wa kifaa, kosa ni la kifaa: kiliwekwa saa ya Greenwich, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Ongeza sekunde 10800 kwenye t ya kifaa ndani ya `using`. Ubao hauna betri wala mpangilio wa saa, kwa hiyo huu ndio ushahidi wako wa kukikagua kifaa.

Vistari na uchapishaji. Kazi ya zamani ya msimamizi wako bila shaka iliandikwa kwa gnuplot ya toleo la 4. Tangu toleo la 5.0 lililotoka 2015, `lt 2` haileti tena vistari yenyewe; vistari huombwa kwa `dashtype`, kwa kifupi `dt 2`. Lakini kwa grafu hii hatukushauri vistari. Kwenye karatasi, mawimbi 58 ndani ya sentimita 14 yanapata milimita 2.4 kila moja, na hapo kistari hakionekani kuwa kistari, kinaonekana kama wino uliokatika. Chora vipimo kwa nukta, nadharia kwa mstari mzima wa kijivu, na mwezi uukate wiki kwa wiki. Kwa siku saba kila wimbi hupata sentimita moja.

    set terminal pdfcairo size 16cm,9cm font ",11"
    set output "wiki1.pdf"
    set format x "%d/%m"
    set xrange ["01/03/2024 00:00":"08/03/2024 00:00"]
    plot h(x) with lines lw 2 lc rgb "gray60" title "Nadharia", \
         "machi.csv" using 1:($2 < -100 ? NaN : $2) \
         with points pt 7 ps 0.3 lc rgb "black" title "Vipimo"
    unset output

Nadharia inatangulia ili nukta zikae juu yake. Hiyo `unset output` usiisahau: bila hiyo faili haifungwi, na PDF itagoma kufunguka au itafunguka tupu. PDF ni bora kuliko picha ya png, ambayo kwa kawaida hutoka kwa pikseli 640 kwa 480 na ikivutwa kujaza ukurasa wa A4 mistari hufifia.

Wenzako wanaotumia Excel wajue jambo moja: aina ya grafu iitwayo Line, mhimili wake ukiwa wa tarehe, haitambui kipimo kidogo kuliko siku. Vipimo 24 vya siku moja vyote hupangwa juu ya mstari mmoja wa wima. Watumie Scatter.

Chini ya grafu ya wiki yenye tarehe 13 na 14 andika kwamba kifaa kilizimika, na kwamba saa zote ni za Afrika Mashariki. Na za mzee zichore kwa alama nyingine, `pt 4` kwa mfano, zikiwa na jina lake kwenye maelezo akiridhia.